Kuki ya kuingia: kibao kinachosema wewe ni wewe

Umefungua tovuti ya chuo, umeandika namba ya usajili na nenosiri, ukaona matokeo. Kisha ukabofya ratiba. Kisha ada. Kote huko hukuulizwa tena wewe ni nani. Tumeshazoea, ila kwa jinsi wavuti ilivyoundwa mwanzoni jambo hilo halikutakiwa kuwezekana.

HTTP, yaani lugha ambayo kivinjari na seva hutumia kuongea, haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kwa seva kama mgeni mpya. Ukiomba ukurasa wa matokeo, halafu sekunde mbili baadaye ukaomba wa ada, seva haina njia ya kujua kwamba aliyeomba ni mtu yuleyule. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alipata dawa yake: seva impe mgeni kipande kidogo cha maandishi, kivinjari kikitunze, na kila kinaporudi kwenye seva ileile kikionyeshe. Akakiita kuki, jina ambalo watu wa Unix walikuwa tayari wanalitumia kwa vitu vya namna hiyo. Kazi ya kwanza ya kuki ilikuwa ndogo tu: kujua kama anayefungua tovuti ya Netscape alishawahi kufika pale. Kwenye Chrome ya Kiswahili utakuta zinaitwa vidakuzi. Mimi nitasema kuki, maana ndivyo tunavyosema maabara.

Siku hizi kuki zina jina baya kwa sababu ya matangazo yanayokufuata kila unakoenda. Hizo tuziache leo. Hapa nazungumzia ile moja ambayo bila yake huwezi kuingia popote, na ambayo watu wengi wanaotengeneza tovuti hawaigusi kabisa kwa sababu inafanya kazi bila kuguswa.

Kibao cha mlinzi

Ukienda maktaba unaacha begi kwa mlinzi mlangoni, naye anakupa kibao chenye namba. Tuseme 47. Ukitoka, mlinzi haangalii sura yako wala haulizi jina; anaangalia kibao. Ukikidondosha kwenye ngazi na mwingine akakiokota, begi lina mwenyewe mpya.

Kuki ya kuingia ni kibao hicho. Nenosiri lako linatumika mara moja tu, pale mlangoni. Seva ikiridhika, inatengeneza namba ndefu ya kubahatisha, inaandika upande wake kwamba namba hii ni ya fulani, kisha inakukabidhi. Kuanzia hapo nenosiri limemaliza kazi. Anayeonyesha namba ndiye wewe, hata kama yuko mji mwingine na hajawahi kukusikia. Ukishalielewa hilo, mipangilio yote inayofuata inabaki kuwa maswali ya kawaida kabisa: nani anaweza kukiona kibao, kinaonyeshwa wapi, na kinakufa lini.

Namba yenyewe lazima isikisike. Seva ikigawa 1001, 1002, 1003, basi aliyepewa 1002 anajua mwenzake ana ipi. Ndiyo maana zinatumika namba za nasibu za biti 128 hivi, ambazo uwezekano wake ni kama 340 ikifuatiwa na sifuri 36. Hapo huna haja ya kubuni chochote. Tumia namba inayotolewa na mfumo wako wa kuandikia programu, usijitungie kwa kuchanganya tarehe na jina la mtumiaji.

Seva inatoa kuki kwa mstari mmoja unaofanana na huu:

Set-Cookie: __Host-kipindi=9f3ac17be2...; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax; Max-Age=28800

Maneno yanayofuata baada ya namba ndiyo mipangilio. Ukiyaondoa yote, mtu bado anaingia, anaona matokeo yake, anatoka. Ubaya uko hapohapo: kwa macho ya mtumiaji, tovuti yenye kuki iliyo wazi na yenye kuki iliyolindwa zinafanana kabisa. PHP, ambayo utaikuta nyuma ya tovuti nyingi ndogo, ukiiacha ilivyo inatoa kuki ya kipindi isiyo na Secure, isiyo na HttpOnly na isiyo na SameSite. Hakuna kitakachokuonya.

Secure inakiambia kivinjari kwamba kuki hii isisafiri ila kwenye HTTPS, ambako mawasiliano yamesimbwa. Umuhimu wake dunia iliujua kwa aibu Oktoba 2010, pale Eric Butler alipotoa programu-jalizi ya Firefox aliyoiita Firesheep. Wakati ule tovuti kubwa, Facebook na Twitter zikiwemo, zilikuwa zinatumia HTTPS kwenye ukurasa wa nenosiri tu. Ukishaingia zinakurudisha kwenye HTTP ya kawaida. Yaani nenosiri limefichwa, halafu kibao kinapita hewani wazi. Ukikaa kwenye mgahawa wenye Wi-Fi isiyo na nenosiri ukawasha Firesheep, pembeni ya kivinjari yanaanza kutokea majina na picha za watu waliokaa meza za jirani. Unabofya mara mbili jina la mtu, unaingia kwenye akaunti yake. Haikuhitaji ujuzi wowote, na hilo ndilo Butler alitaka lionekane: tatizo lilikuwa linajulikana kwa wataalamu miaka mingi, ila hakuna aliyeharakisha. Januari 2011 Facebook ikawapa watumiaji chaguo la kutumia HTTPS muda wote.

Leo cheti cha HTTPS ni bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo kisingizio cha gharama kimekwisha. Ila kuna mtego mmoja wa kivitendo. Ukiwasha Secure huku tovuti bado iko kwenye HTTP, kivinjari kinaikataa hiyo kuki kimyakimya. Dalili yake: unaandika nenosiri sahihi, ukurasa unajipakia upya, unajikuta tena kwenye fomu ya kuingia. Hapo wengi huamua kuondoa Secure, wakati kilichotakiwa ni kuweka cheti.

HttpOnly inaificha kuki isisomwe na JavaScript iliyo ndani ya ukurasa. Inasaidia pale mtu anapofanikiwa kupenyeza msimbo wake kwenye tovuti yako, kwa mfano kupitia kisanduku cha maoni kisichochuja kinachoandikwa. Bila HttpOnly, msimbo huo unaisoma namba na kuituma kwake. Weka, haina hasara yoyote kwa kuki ya kuingia. Lakini tusiitukuze kupita kiasi. Oktoba 2005 Samy Kamkar alipenyeza msimbo kwenye wasifu wake wa MySpace. Kila aliyeufungua alijikuta amemwomba Samy urafiki na msimbo umejinakili kwenye wasifu wake mwenyewe. Ndani ya siku moja maombi yalizidi milioni moja. Msimbo ule haukuhitaji kuiba kuki ya mtu. Ulikuwa ndani ya ukurasa tayari, unatuma maombi, na kivinjari chenyewe kinaambatisha kibao. HttpOnly inazuia kibao kisichukuliwe nje. Haizuii mtu aliyeshaingia chumbani kukitumia akiwa humohumo.

Neno linalozidisha badala ya kupunguza

Mpangilio unaoitwa Domain unawachanganya hata watu wazoefu. Mtu anaona sehemu ya kuandika kikoa, anadhani akiandika anabana: kuki hii ni ya mfano.ac.tz tu. Kumbe ni kinyume. Usipoandika Domain, kuki inarudi kwa seva ileile iliyoitoa, basi. Ukiandika Domain=mfano.ac.tz, inatumwa pia kwa kila kitu kilicho chini yake: matokeo.mfano.ac.tz, maktaba.mfano.ac.tz, na ile tovuti ya klabu fulani iliyotengenezwa na wanafunzi waliokwisha hitimu, ambayo hakuna aliyeigusa tangu hapo. Anayeidhibiti hiyo ya klabu sasa anapokea vibao vya watu wa matokeo. Vivinjari vinakataa walau kuandika Domain=ac.tz nzima, kwa kuwa vina orodha ya viambishi vya namna hiyo. Vinginevyo vyuo vyote nchini vingekuwa vinasomeana kuki.

Kiambishi __Host- mwanzoni mwa jina la kuki kinamaliza ubishi huu. Kivinjari kikiona jina linaanza hivyo, hakiikubali kuki mpaka iwe na Secure, Path=/ na isiwe na Domain. Ni herufi chache tu kwenye jina, na inazuia pia tovuti jirani isikupandikizie kuki yake kwa jina lilelile. Path yenyewe sitaipotezea muda: watu huitumia kama uzio kati ya sehemu mbili za tovuti moja, nayo si uzio.

SameSite, na malipo yanayomtupa mtu nje

Kivinjari kinaambatisha kuki kwa kila ombi linaloenda kwenye tovuti yake, bila kujali ombi limeanzia wapi. Tuseme uko umeingia kwenye tovuti ya chama chenu cha akiba na mikopo. Kwenye kichupo kingine unafungua ukurasa wa vichekesho. Ndani ya ukurasa huo kuna fomu iliyofichwa inayotuma ombi kwenye tovuti ya chama: hamisha kiasi fulani kwenda akaunti fulani. Hukuona kitu, hukubofya kitu. Kivinjari kikaambatisha kibao chako, seva ikaona ni wewe. Mwizi hakuiona namba hata mara moja. Amekutumia wewe kuionyesha.

SameSite ndiyo jibu. Ina hali tatu. Strict inasema kuki isitumwe kabisa kama safari imeanzia tovuti nyingine. Inasikika vizuri, ila mtu akibofya kiungo cha tovuti yako kutoka kwenye barua pepe aliyoifungua kwenye kivinjari, atafika akionekana hajaingia, ataingia tena, atakasirika. Lax inaruhusu kiungo cha kawaida kilichobofywa lakini inazuia fomu za POST na maombi ya kichinichini kutoka nje. None inaruhusu yote, na lazima iende pamoja na Secure. Kwa tovuti nyingi Lax ndiyo sahihi, kwa sharti moja ambalo husahaulika: viungo vya kawaida visibadilishe kitu. Kama kwenye tovuti yako kufuta rekodi ni kufungua anwani kama futa.php?id=12, Lax haitakusaidia, maana hicho ni kiungo na kuki itakwenda nacho. Kufuta, kulipa, kubadili nenosiri, vyote viwe POST, na fomu za nyeti ziwe na tokeni yake ya siri vilevile. Kumbuka pia kwamba kwa SameSite, maktaba.mfano.ac.tz na matokeo.mfano.ac.tz ni tovuti moja. Ile ya klabu iliyosahaulika bado inahesabika kuwa ya nyumbani.

Februari 2020 Chrome ilianza kuzichukulia kuki zisizotaja SameSite kana kwamba zimeandikwa Lax. Aprili wakasimamisha zoezi, kwa hofu ya kuvuruga tovuti muhimu wakati wa janga la korona, wakaendelea Julai. Si vivinjari vyote vilivyofuata, kwa hiyo usitegemee, andika mwenyewe.

Mabadiliko hayo yalileta hitilafu moja ninayoipenda kwa jinsi inavyojificha. Mteja anajaza kikapu, anapelekwa kwenye tovuti ya kampuni ya malipo ya kadi, analipa, na kampuni ile inamrudisha dukani kwa fomu ya POST. Chini ya Lax, POST kutoka nje haibebi kuki. Mteja amekatwa hela, anarudi, duka linamwambia aingie kwanza na kikapu kitupu. Sasa mtengenezaji anajaribu kwenye kompyuta yake, na kwake inafanya kazi vizuri tu! Sababu ni kwamba Chrome, ili kupunguza maumivu, iliweka msamaha: kuki isiyotaja SameSite inaruhusiwa kwenda na POST ya nje kama haijafikisha dakika 2 tangu itolewe. Mtengenezaji anaingia na kulipa haraka haraka akijaribu, yumo ndani ya zile dakika 2. Mteja wa kweli anazunguka dukani robo saa.

Ukitafuta suluhisho utakutana na ushauri wa kuweka SameSite=None kwenye kuki ya kuingia. Malipo yatarudi kufanya kazi, na umefungua mlango wote kwa ajili ya dirisha moja. Njia ya kueleweka ni ukurasa wa kupokea majibu ya malipo usitegemee kabisa kuki ya mteja: usome namba ya oda, seva yako iiulize seva ya kampuni ya malipo kama kweli imelipwa, kisha imwelekeze mteja kwa kiungo cha kawaida kwenye ukurasa wa oda yake. Hapo Lax inabeba kuki bila shida.

Kibao kinakufa lini

Kuki isiyo na Max-Age wala Expires inaitwa ya kipindi, na vitabu vinasema inakufa ukifunga kivinjari. Kwenye simu, nani anafunga kivinjari? Na kwenye kompyuta, ukiwa umewasha ule mpangilio wa kuendelea pale ulipoishia, kuki za kipindi nazo hufufuka. Kwa hiyo muda wa kuki upande wa kivinjari ni ombi tu. Muda wa kweli unawekwa kwenye seva: namba hii, ikikaa bila kutumika dakika kadhaa, au ikifikisha saa kadhaa tangu itolewe, haitambuliki tena.

Ni muda gani? WordPress inakuweka ndani siku 2, au siku 14 ukiweka tiki kwenye "nikumbuke". Kwa blogu ni sawa. Kwa tovuti inayotumika kwenye maabara ya chuo au kwenye intaneti kafe, ambako kiti hakijapoa mwingine ameshakaa, siku 2 ni nyingi mno. Fikiria watumiaji wako hasa ni akina nani. Simu moja inayotumiwa na watu watatu nyumbani, simu inayoachwa kwa fundi siku nzima ikiwa imefunguliwa. Tiki ya "nikumbuke" isiwe imewekwa tayari. Mtu aiweke mwenyewe kwenye kifaa chake. Ule mstari wa mfano hapo juu una Max-Age=28800, yaani saa 8, inayotosha siku ya kazi.

Muda mfupi ni muhimu zaidi sasa kwa sababu wezi wameacha kuhangaika na nenosiri. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS inalinda mlango; kuki hutolewa baada ya mlango. Programu hasidi ikiingia kwenye kompyuta inazoa kuki zote za kivinjari, na Secure, HttpOnly na SameSite hazina la kufanya. Mwaka 2021 kampuni ya michezo ya Electronic Arts iliibiwa msimbo wa FIFA 21, na kwa maelezo ya wadukuzi wenyewe, walianza kwa kununua kuki iliyoibwa kwa dola 10, ikawaingiza kwenye Slack ya kampuni. Dawa hapa ni kibao kufa mapema, na kuomba nenosiri upya kabla ya jambo zito kama kubadili namba ya simu au kutoa pesa.

Kuna mambo mawili yanayofanyika wakati wa kuingia na kutoka ambayo hayamo kwenye ule mstari, lakini bila hayo mstari hautoshi. La kwanza, seva itoe namba mpya mara tu mtu anapoingia. Vinginevyo mjanja anachukua kibao 47 kabla, anakukabidhi wewe kwa hila, unaacha begi kwa namba ambayo yeye anaijua. Kwenye PHP kazi hiyo inafanywa na session_regenerate_id. La pili, kutoka kufute namba kwenye seva, si kwenye kivinjari peke yake, na mtu akibadili nenosiri vipindi vyake vingine vyote vikatike.

Kwa wenye PHP, mistari hii minne kwenye php.ini inabeba sehemu kubwa ya niliyoeleza. Ule wa SameSite unahitaji PHP 7.3 au zaidi:

session.cookie_secure = 1
session.cookie_httponly = 1
session.cookie_samesite = "Lax"
session.use_strict_mode = 1

Hata kama hutengenezi tovuti, unaweza kukagua akaunti yako mwenyewe. Kwenye kompyuta, fungua tovuti ukiwa umeingia, bonyeza F12, nenda Application kama ni Chrome au Storage kama ni Firefox, kisha Cookies. Utaona jedwali lenye safu za Secure, HttpOnly na SameSite. Itafute kuki ya kipindi. Mara nyingi ina neno sess au sid kwenye jina. Nakili jina na thamani yake, usimpe mtu. Sasa bonyeza kitufe cha kutoka. Rudi kwenye jedwali, bandika thamani ile ya zamani kwa jina lilelile, upakie upya ukurasa. Ukirudishwa kwenye fomu ya kuingia, seva imefanya kazi yake. Ukijikuta ndani, na jina lako liko juu kulia kama kawaida, mwandikie msimamizi wa tovuti kwamba kutoka hakufuti kipindi upande wa seva. Kurekebisha ni mistari michache, na akiona hatua ulizofuata hatahitaji maelezo zaidi.